Kidonda Hakisuguliwi

Mimi nimepigwa na watu wazima. Sisemi vile vikofi vya kugombania foleni, nasema kupigwa: mtu anakushindilia ngumi ya ubavuni mpaka unakojoa damu siku tatu. Pua yangu imevunjwa mara nne. Sikio la kushoto limekunjamana kama kipande cha tangawizi. Na kwenye taya la juu sina jino hata moja la kwangu. Kumi na moja yaliishia ulingoni, na kila moja namjua aliyelichukua. Machache yaliyobaki niliyang'oa mwenyewe kwa hasira, maana yalikuwa yanachezacheza.

Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza kwenye ukumbi wangu wa mazoezi. Mgeni akija, hata viatu hajavua, natoa meno yangu ya bandia, nafungua kinywa, namwonyesha kwa kidole. Hapa gego, alilichukua mchinja ng'ombe, raundi ya pili. Hapa mawili ya mbele, dereva wa lori, mkono wa kushoto. Hapa chonge, askari magereza, Mungu amrehemu, yule mtu alikuwa na ngumi ya kuua fahali. Wageni wanaguna, wanashika adabu. Kisogoni wananiita Kibogoyo, najua, mimi si kiziwi wa masikio yote mawili. Mbele yangu ni Mwalimu.

Somo la pili lilikuwa sheria mbili. Kwanza, kinga ya meno iliyoshinda pambano haioshwi. Kinga ni ule mpira unaoung'ata ulingoni ili meno yasigongane. Ukishinda nayo unaifuta kwenye kaptura, unairudisha koponi, basi. Ukiiosha unaosha bahati. Mwalimu wangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa hivyo hivyo. Pili, kidonda hakisuguliwi. Miaka thelathini na moja nimekaa kwenye kona ya ulingo nikiziba nyusi zilizopasuka mpaka mfupa unachungulia. Damu ikitoka unabana, unapaka mafuta mazito, unaiacha itulie. Ukisugua umeharibu.

Sasa sikilizeni nilivyomfanya mwanangu.

Mimi na mama yake tulijaliwa mmoja tu, binti. Ulingoni wanamwita Kishindo, kwa sababu ya mlio wa wapinzani wake wakifika chini. Nilimvisha glovu akiwa na miaka tisa. Akiwa na kumi na tisa alinijia asubuhi moja na mswaki mkononi, povu jekundu mdomoni. "Baba, nikipiga mswaki natoka damu." Nikamwinua kidevu, nikatazama. Fizi zimevimba, zimeiva. Nikamwambia kwa ule ujuzi wangu wote: "Acha kusugua hapo. Kidonda hakisuguliwi. Piga mswaki juu juu, kwenye ncha za meno, halafu sukutua maji ya chumvi."

Akatii. Miaka mitano alitii, na damu kweli ikapungua, nikajiona daktari. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu wangu alilisikia la mkuu, na kuvunjika akavunjika.

Wiki tatu kabla ya pambano la mkanda, alikuwa anapimana nguvu na fundi bomba mmoja, mtu wa kilo nane zaidi yake. Alimtandika moja ya ini, jamaa akapiga magoti, akatapika chai yote ya asubuhi kwenye turubai. Nikapiga makofi. Kishindo hakucheka. Alitema kinga kwenye kiganja akaigeuzageuza.

"Baba, hainienei tena."

"Imesinyaa. Mpira husinyaa."

"Si mpira. Meno yamehama."

Nikatazama. Kweli, katikati ya meno mawili ya mbele, juu, palikuwa na nafasi ambayo sikuizoea. "Umeota mwanya," nikamwambia. "Mama yako nilimpendea mwanya. Shukuru."

Mama yake alikuwa na maoni mengine. Tulipofika nyumbani alimshika binti yetu mashavu, akanusa, akarudi nyuma. "Mwanangu ananuka kinywa kama maji ya chombo cha maua," akasema. "Na foronya zake kila siku nafua damu. Kesho mnakwenda kwa daktari wa meno." Nikaanza kubisha. Akainua mwiko. "Wewe bingwa wa zamani, bisha tena nikutoe na hayo ya plastiki." Basi tukaenda.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani na mikono midogo. Moyoni nikasema huyu hata kifuniko cha chupa hawezi kukifungua. Lo! Alikuwa na chuma chembamba chenye alama kama rula. Akawa anakichomeka katikati ya jino na ufizi, jino moja baada ya jingine, anataja namba, msaidizi anaandika. "Saba. Nane. Saba. Tisa." Kila alipochoma, damu ikaruka. Kishindo, ambaye nimemwona akipigana raundi tatu na kidole kilichoteguka, alikishika kiti mpaka ngozi ya vidole ikawa nyeupe.

"Hizo ni pointi?" nikauliza.

"Ni milimita, mzee. Ufizi mzima chuma hiki kinaingia mbili, tatu, kinagota. Hapa kinaingia tisa. Mfupa uliotakiwa kushika jino haupo."

Akampaka dawa ya rangi kwenye meno, akamwambia asukutue. Yale meno yakabaki na mikanda ya zambarau, yote, pale yanapoingia kwenye ufizi. Akampa kioo.

"Hiyo rangi imeshika ukoga," daktari akasema. "Watu wanadhani ukoga ni mabaki ya chakula. Si hivyo, ni viumbe hai. Ukimaliza tu kupiga mswaki, mate yanalipaka jino utando mwembamba, huuoni. Vijidudu vinadandia ule utando. Baada ya saa chache vimeshikamana na kuzaana, vimetengeneza ute wa kunata, vimejifunika nao. Vingine vinakuja vinakaa juu ya wenzao. Ukisukutua, maji yanapita juu. Ukitia dawa, inavipata vya juu tu. Dawa yake ni kuvisugua kila siku, hasa hapa kwenye ukingo wa ufizi. Ukiviacha, vinashuka chini ya ufizi kusiko na hewa, na huko ndiko kuna vibaya zaidi. Na ukoga uliokaa unageuka jiwe. Jiwe mswaki hauliwezi."

"Na hivyo ndivyo vilivyokula mfupa wangu?" akauliza Kishindo.

"Hapana. Mfupa umeubomoa mwenyewe." Daktari akavua miwani. "Mwili wako unapigana. Unapeleka damu pale, ufizi unavimba, askari wa mwili wanamiminika kuvipiga vijidudu. Lakini vijidudu vimejikinga ndani ya ute wao, havifikiki vizuri. Basi askari wanapiga na kupiga, miaka, na kinachovunjika ni nyumba yao wenyewe. Ile damu ilikuwa inakuita. Ulipoiona ulifanya nini?"

Kishindo alinitazama mara moja, akatazama chini. "Niliacha kusugua."

"Nani alikwambia?"

 Hajawahi kunichongea huyu mtoto, tangu azaliwe. Nikajibu mwenyewe, tena kwa sauti: "Mimi! Kidonda hakisuguliwi!"

"Kidonda cha ngozi, sawa. Ufizi huu ulitoka damu kwa sababu haukusuguliwa."

Akaomba kuona kinga. Nilikuwa nayo mfukoni, koponi mwake. Akafungua kopo, akalifunga haraka, akaenda kufungua dirisha. "Hii imeoshwa lini?"

"Haijawahi. Imeshinda mapambano tisa."

"Basi kila anachokitema unamrudishia," akasema, akalisukumia kopo kwangu kwa ncha ya kalamu.

Hapo nikaja juu kama moto wa kifuu. Mtu hajawahi hata kurushiwa kofi ananifundisha mambo ya kinywa! Nikayatoa meno yangu ya bandia, nikayabwaga kwenye sinia lake la vyuma, nikamwachamia. Nikamsomea orodha nzima: mchinja ng'ombe, dereva wa lori, askari magereza, wote. "Haya nayo ni ukoga?"

Akaja na taa yake, akamulika, akabonyeza taya langu kwa kidole kimoja. "Yalipotoka, yalivunjika, au yalitoka mazima na mizizi yake?"

"Mazima! Kama punje za mahindi."

"Kabla ya kutoka yalikuwa yanacheza? Fizi zilikuwa zinatoka damu?"

Ulimi wangu ukaenda wenyewe kupapasa ufizi mtupu.

"Jino lenye mfupa wake likipigwa, mara nyingi huvunjika. Linaweza kutoka zima, moja, kwa bahati mbaya. Lakini kumi na moja, yote mazima, kwa mikono iliyovaa glovu?" Alisema taratibu, bila dharau, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Mzee, hao watu waliokota tu. Meno yalikuwa yamekwisha kung'oka. Na fizi za namna hii hutembea ndani ya familia."

Juu ya meza palikuwa na taya la plasta la kufundishia. Nililipiga ngumi moja. Likagonga ukuta, likapasuka, meno ya plasta yakatawanyika mpaka chini ya kiti cha Kishindo. Msaidizi alipiga kelele. Daktari hakusogea. Alimgeukia binti yangu kana kwamba mimi nilikuwa upepo tu uliofungua mlango.

"Miezi mitatu," akamwambia. "Nisafishe mpaka chini ya fizi, zipone, tuyafunge yanayocheza. Mengi nitayaokoa. Ukipigana wiki tatu kutoka sasa, ya mbele utayaacha ulingoni."

Nje, barabarani, Kishindo alisimama karibu na mlango wa duka la vioo, meno yake bado ya zambarau. Watu wanapita, wanamtazama. Akaniuliza, "Baba, tunafanyaje?"

Nataka nilieleze hili bila kujipaka asali. Nilijua. Pale pale barabarani nilijua yule mwanamke amesema kweli, kwa sababu nilikumbuka. Nilikumbuka asubuhi ya pambano la dereva wa lori, nikisukuma meno ya mbele kwa ulimi, yanakwenda na kurudi kama mlango mbovu. Lakini ningekubali, ningebaki na nini? Maisha yangu yote yalikuwa hayo mapengo. Mtu mzima, nina mvi, niambiwe nilipigwa na uchafu?

"Tunapigana," nikasema. "Yule hajui ngumi."

"Sawa, Baba," akasema, akanifuata.

Mama yake alipouliza, tukamwambia daktari ametoa dawa ya kusukutua. Kishindo mwenyewe ndiye aliyesema, mimi nilitazama sahani yangu. Na daktari wa kamati ya ngumi, siku ya kupima uzito, alimulika macho, akapima presha, akagonga magoti. Kinywa hakukifungua.

Pambano lilikuwa Jumapili alasiri, ukumbi umejaa, joto linatoa jasho hata kwenye kuta. Mpinzani wetu alikuwa fundi cherehani, dada mrefu mwenye mikono mirefu, anapigana kwa hesabu. Raundi ya kwanza Kishindo alimtandika mbavuni, akamkata pumzi. Nilisikia ile hewa ikimtoka. Ya pili alimpasua juu ya jicho, damu ikamwagika mpaka kwenye fulana ya refa. Ya tatu alimlaza, na yule dada akainuka akiwa amehesabiwa saba, miguu inamtetemeka. Ukumbi mzima umesimama unadunda sakafu. Nikampangusa mwanangu uso kwenye kona, nikamwambia, "Mmalize. Mkanda ni wako." Aliitikia kwa kichwa. Mate aliyotema ndooni yalikuwa mekundu tupu, na hakuwa amepigwa hata ngumi moja ya mdomo.

Raundi ya nne. Kishindo anamsukumia mwenzake kwenye kamba, anamchapa tumboni, kushoto, kulia, kushoto. Yule fundi, macho yamefunga, akarusha mkono mmoja ili mradi amerusha. Nimeziona ngumi maishani mwangu. Ile haikuwa ngumi. Ile hata mama yake Kishindo na mwiko wake angeirusha vizuri zaidi. Ilimgusa mwanangu kwenye mdomo, na kinga ikaruka, ikapiga turubai, ikabiringika mpaka kwenye kona yangu.

Refa akasimamisha. Akaiokota, akanipa. "Ioshe, Mwalimu, uirudishe." Ndiyo sheria ya ulingo hiyo, kinga iliyoanguka huoshwa kabla ya kurudi kinywani. Miaka thelathini na moja nimekuwa nikiipitisha majini kwa kumdanganya refa tu.

Nikaigeuza. Ndani yake mlikuwa na meno manne.

Manne, yamekaa kwenye mpira kwa mpangilio, mazima, na mizizi yake. Na ile mizizi, ambayo ilitakiwa kuwa safi, imeshikwa na mfupa, ilikuwa imevaa gamba la jiwe la kahawia karibu mpaka nchani. Nikakwangua kwa ukucha. Halikutoka. Niliyatazama meno ya mtoto wangu wa miaka ishirini na minne na nikayaona yangu, kumi na moja, yote.

"Baba!" Alikuwa amekuja kwenye kona, damu inamchuruzika kidevuni mpaka kifuani, maneno yanatoka na upepo. "Nipe kinga! Nipe nikammalize!" Hakujua. Mdomo umekufa ganzi, damu imejaa, alidhani amepasuka mdomo tu. "Baba, nipe, refa anahesabu!"

Nikarusha taulo, kusalimu amri kwa niaba yake.

Lilipotua katikati ya ulingo, ukumbi ukaanza kunguruma. Kishindo alilitazama taulo. Akanitazama mimi. Akaniachia mkono wa kulia, ule niliomfundisha mwenyewe, kiuno kwanza, bega linafuata. Sikuinua mikono. Nilianguka na ndoo, meno yangu ya bandia yakaenda upande mmoja na mimi upande mwingine. Nikiwa chini pale, mdomo mtupu, nilimnyooshea kinga aione.

Aliona. Akapeleka ulimi pale mbele, akatafuta. Mlio alioutoa sijawahi kuusikia kwa mtu aliyepigwa.

Meno hayakurudi. Daktari wa meno alisema hakuna mfupa wa kuyapokea, na mawili ya pembeni akayatoa yeye mwenyewe. Sikubisha. Nilikaa kwenye benchi la nje na mama yake, ambaye siku hiyo hakuwa na mwiko wala neno. Aliongea nami baada ya wiki mbili, aliponiambia nihamishe viatu vyangu mlangoni.

Kishindo aliponyamaza kulia alianza matibabu. Alikwanguliwa lile jiwe mpaka chini ya fizi, mara nne, kwa sindano za ganzi. Akafundishwa mswaki upya kama mtoto wa chekechea: laini, umelala kwenye ukingo wa ufizi, kidogo kidogo, na uzi katikati ya meno. Wiki ya kwanza alisugua akitoka damu, anasugua analia, na mimi nimesimama mlangoni mwa bafu nikijizuia nisiseme lile neno langu. Ya pili damu ikapungua. Ya tatu akatema povu jeupe, akanionyesha. 

Fundi cherehani alikuja nyumbani na mkanda wake begani, amejikunyata. Alitaka kuomba radhi. "Mama, mimi sikukusudia, nilirusha tu," akamwambia mke wangu. Ningeweza kukaa kimya. Ingekuwa hadithi nzuri, bingwa alimng'oa meno manne bingwa mwenzake, ya kusimulia miaka. Nikamwambia, "Kaa chini. Si wewe. Wewe umeokota tu." Nikawaeleza wote watatu, mke wangu akiwamo, daktari alichosema siku ile, na swali nililoulizwa barabarani, na nilivyojua, na nilivyojibu. Kishindo alisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mwezi mzima aliniita "wewe".

Siku hizi yeye ndiye anayefundisha. Mimi napangusa turubai na kushika ndoo. Karibu na mlango wa ukumbi kuna bomba, na juu yake miswaki imepangwa, na mtu haondoki kabla hajasugua meno na kinga yake mbele ya Kishindo. Fundi cherehani naye anakuja kufanya mazoezi, anapanga foleni kama wengine.

Juzi walikuja wageni wawili, ndugu, wanafanya kazi ya kupasua mawe. Kishindo alipocheka, mmoja akaona meno yake ya mbele ni ya bandia. "Dada," akasema kwa heshima zote, "nani alikung'oa?"

 Kishindo akayatoa meno yake ya bandia, akafungua kinywa, akaonyesha kwa kidole, moja moja, kama nilivyokuwa nikifanya mimi. "Hili, baba yangu. Hili, baba. Haya mawili, baba. Hili na hili, baba."

Wageni wakacheka, wakadhani ni mzaha. Halafu wakanigeukia, mzee mwenye kitambaa cha kupangusia, wakasubiri nikanushe.

"Ni kweli," nikasema. "Haya, nendeni bombani."